Walichukua Mafuvu, Wakaacha Magoti

Aprili 1874, jijini London, daktari mpasuaji Sir William Fergusson aliifunua maiti iliyokaushwa na kuletwa kwa meli kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Uso haukutambulika tena. Fergusson akaushika mkono wa kushoto, akaupapasa mfupa wa juu kuelekea begani, akakuta alichokuwa anakitafuta: mahali palipovunjika zamani na pasipounga sawasawa. Mwaka 1844, huko Mabotsa, Afrika Kusini, simba alimrukia David Livingstone akauvunja mkono ule. Miaka 30 baadaye mfupa ulimtaja mwenyewe, na tarehe 18 ya mwezi huohuo Livingstone akazikwa Westminster Abbey.

Waliomfikisha pwani walikuwa watu wa miguu. James Chuma, Abdullah Susi na wenzao waliitoa maiti hiyo kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwaka 1873. Waliikausha kwa jua, wakaiviringisha kwa kitambaa na gome la mti, wakaibeba zaidi ya kilometa 1,500 kupitia Tabora hadi Bagamoyo, walikowasili Februari 1874. Mkono wa aliyebebwa ulipapaswa na daktari mkubwa wa Uingereza na habari zake zikaandikwa. Mabega ya waliobeba hayakupapaswa na mtu.

Nayafikiria mabega hayo kila ninapopita Kilosa, mkoani Morogoro. Moja ya njia kuu za misafara kati ya pwani na Tabora ilifuata bonde la Mto Mkondoa, na kabla ya kufika huko msafara ulilazimika kuvuka mbuga ya Mkata, ile ile ambayo sehemu yake leo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na watalii wanaizunguka kwa gari wakitafuta simba. Henry Morton Stanley aliivuka wakati wa masika ya 1871, mbuga ikiwa imegeuka ziwa la matope, akaandika kwa urefu jinsi alivyoteseka. Wapagazi wake waliipita wakiwa wamebeba. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na juu ya hapo mkeka wake, chungu, chakula na silaha. Wanyamwezi kwa kawaida waliweka mzigo begani. Wengi wa watu wa pwani waliutwika kichwani.

Katika vitabu vya wasafiri, watu hawa wanaonekana zaidi kama hesabu: wapagazi mia na kitu, waliotoroka kadhaa, waliokufa kadhaa. Barua zao hatunazo. Lakini wapo wataalamu ambao kazi yao ni kuusoma mwili wa mtu aliyekufa zamani na kueleza aliketi vipi, alibeba kwa upande gani, alisaga nafaka akiwa amepiga magoti au amesimama. Kwa wilaya kama Kilosa, iliyojengwa na migongo ya wapagazi, wachimba reli, wakata mkonge na wakulima wa jembe la mkono, sioni elimu inayotuhusu kuliko hiyo. Na ninaamini tumeicheleweshea nafasi yake, kwa sababu waliotangulia kukusanya mifupa yetu walikuwa na swali jingine kabisa kichwani.

Tuanze na mfupa wenyewe. Wengi tunaudhani ni kitu kilichokwisha kukomaa, kigumu, kisichobadilika mpaka kaburini. Sivyo. Ndani ya mfupa wa mtu aliye hai kuna chembe zinazobomoa na chembe zinazojenga, usiku na mchana, na kwa mtu mzima takriban sehemu moja ya kumi ya mifupa yote hufanywa upya kila mwaka. Ujenzi huo hufuata uzito na mvuto wa misuli. Panapokandamizwa mara kwa mara pananenepa. Pasipotumika panapungua, kama njia ya miguu inavyojichora kwenye majani na kufutika watu wakiacha kupita. Daktari Mjerumani Julius Wolff alilieleza jambo hili kitabuni mwaka 1892. Wacheza tenisi walioanza utotoni wana mfupa mnene zaidi kwenye mkono unaoshika raketi, na wanaanga wanaokaa angani pasipo uzito hupoteza zaidi ya asilimia moja ya uimara wa nyonga zao kila mwezi.

Kwa hiyo mazoea ya mwili huacha alama, na alama mojawapo inayozungumzwa sana ni ya kuchuchumaa.

Pita soko la Kilosa asubuhi ukaangalie miguu. Muuza nyanya amechuchumaa mbele ya mafungu yake, visigino vimegusa chini, mapaja yamekaribia kifua, mikono iko huru kupanga na kurudisha chenji. Fundi baiskeli amechuchumaa kando ya gurudumu. Mama anayekoroga uji kwenye mafiga amechuchumaa, au amekalia kigoda kifupi ambacho hakimwinui hata shubiri mbili kutoka ardhini. Mgeni akiingia uani, baada ya "Shikamoo bibi" na "Marahaba mwanangu, karibu," atasogezewa kigoda hicho, au mkeka, na magoti yake yatakunjwa yakunjike. Anaweza kukaa hivyo saa nzima na asilalamike.

Mtu akichuchumaa kisigino kikiwa chini, mfupa wa muundi hulala mbele mpaka ukingo wake wa chini ugusane na shingo ya mfupa wa kifundo. Mgusano huo ukirudiwa miaka na miaka, mifupa yote miwili huota vijibapa laini vinavyokutana. Arthur Thomson wa Oxford aliviandikia mwaka 1889, na muda mfupi baadaye Havelock Charles, aliyekuwa akifundisha utabibu Lahore, akavieleza kwa kina kutokana na mifupa ya watu wa Punjab. Wakati ule ilionekana kana kwamba ni alama ya "watu wa mashariki." Kisha wachimbaji wakafungua makaburi ya Ulaya yenyewe, ya kale na ya zama za kati, wakavikuta vijibapa vilevile kwenye vifundo vya mababu wa Wafaransa na Waingereza. Navyo vikazidi kupungua kadiri karne zilivyosogea na viti kuingia katika nyumba za watu wa kawaida. Kiti, kwa hiyo, ndicho kigeni katika historia ya binadamu. Anayechuchumaa Kilosa leo anaketi kama walivyoketi watu wa karibu kila mahali kwa muda mrefu sana.

Nimewahi kusikia watu wazima, wenye elimu, wakiwaambia vijana kuwa kuchuchumaa kijiweni ni dalili ya uvivu. Hapo inafaa kuwakumbuka Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Mwaka 2020 kundi la watafiti lililoongozwa na David Raichlen, akiwemo mwanaakiolojia wetu Profesa Audax Mabulla, lilichapisha matokeo ya kupima mapumziko ya Wahadzabe kwa vifaa vilivyovaliwa mwilini. Ilionekana kuwa watu hawa, ambao dunia inawasifu kwa kutembea na kuwinda, hupumzika karibu saa 10 kwa siku, muda usiopishana sana na ule wanaokaa watu wa nchi tajiri wenye maofisi. Tofauti iko katika namna. Wahadzabe hupumzika wamechuchumaa, wamepiga magoti au wamekaa chini, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Kwenye kiti misuli hiyo hulala. Watafiti wanadhani hiyo ni sababu mojawapo ya wao kuwa na dalili chache za maradhi ya moyo yanayowasumbua wakaaji wa viti. Sasa soma tena ule mkao wa kijiweni.

Lakini nisije nikaifanya ardhi kuwa dawa, kwa sababu mifupa yenyewe inakataa. Kule Abusir, Misri, wataalamu wa Jamhuri ya Czech walichunguza mifupa ya wanaume 69 wa enzi za piramidi, 30 kati yao wakiwa makarani. Matokeo yalitoka 2024. Karani wa Misri aliheshimika, hakubeba jiwe wala kulima, na alifanya kazi yake chini, amekunja miguu au ameegemea goti moja, karatasi ya mafunjo juu ya mapaja, kichwa kimeinamia mbele. Mifupa ya makarani ilikuwa na viungo vilivyosagika kuliko ya wenzao: pingili za shingo, bega la kulia, kidole gumba cha mkono wa kuandikia, goti, hata kiungo cha taya, ambacho watafiti wanakihusisha na kutafuna ncha za matete ya kuandikia. Walikaa chini na bado shingo ziliwasagika, kwa kuwa walikaa hivyohivyo bila kubadilika, mwaka baada ya mwaka. Mtoto wa shule anayeandika daftari likiwa sakafuni kwa kukosa dawati yuko katika mkao uleule wa karani wa Misri. Apewe dawati, na kengele ilie mara nyingi atoke nje akakimbie.

Kwa akina mama habari ni nzito zaidi.

Katika kijiji cha kale cha Abu Hureyra, Syria, ambako watu walikuwa miongoni mwa wa kwanza duniani kulima nafaka, mtaalamu wa Uingereza Theya Molleson alikuta jambo lililomshangaza kwenye miguu. Vidole vikubwa vya miguu vilikuwa vimesagika kiungoni, vingine vibaya sana. Magoti yalikuwa na alama za kukandamizwa. Pingili za chini za mgongo zilikuwa zimeumia. Aliunganisha alama hizo mpaka akapata mkao mmoja: mtu aliyepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, vidole vya miguu vimekunjwa chini yake, anajisukuma mbele kwa uzito wa mwili wote, anarudi, anajisukuma tena, kwa saa kadhaa kila siku. Alama hizo zilionekana zaidi kwa wanawake. Hatuna maandishi yoyote kutoka kijiji kile. Tunachojua kuhusu nani alisaga kimetoka kwenye vidole vya miguu.

Msomaji aliyekulia Ukaguru, Usagara au Ugogo hahitaji kuchorewa mkao huo. Kabla mashine ya kusaga haijafika kijijini, bibi zetu walisaga mtama na ulezi juu ya jiwe wakiwa katika mkao huo, na mahindi yakatwangwa kwenye kinu kwa mchi, mikono ikipanda juu ya kichwa na kushuka. Mwaka 2017 Alison Macintosh na wenzake wa Cambridge walipima mifupa ya mikono ya wanawake wa kale wa Ulaya ya kati na kuilinganisha na ya wanawake walio hai, wakiwemo wapiga makasia wa chuo hicho, wanamichezo wanaofanya mazoezi makali kila siku. Wanawake wa mwanzo wa kilimo, miaka kama 7,000 iliyopita, walikuwa na mikono imara kuwashinda wapiga makasia hao kwa asilimia 11 hadi 16. Kwa miaka mingi mifupa ya wanawake ilikuwa ikilinganishwa na ya wanaume, ikaonekana dhaifu, na kazi yao ikahesabiwa ndogo. Ilipolinganishwa na ya wanawake wenzao, ukubwa wa kazi ukaonekana.

Nguvu hiyo ilikuwa na malipo yake, na aliyelipa ndiye aliyeumwa kiuno. Sioni la kusikitikia katika kuondoka kwa jiwe la kusagia. Ninachosikitikia ni kwamba mashine ilipoingia, hakuna aliyewauliza wasagaji wa mwisho habari za magoti yao na kuziandika.

Kutwika ni sura nyingine. Mwanamke wa Kilosa anaweka ngata, anainua ndoo ya lita 20, anaondoka mikono ikiwa huru, na maji hayamwagiki. Mwaka 1986 mwanafiziolojia Mkenya Geoffrey Maloiy na wenzake walichapisha vipimo vya wanawake wa Kenya, Wajaluo wanaotwika kichwani na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita juu ya kipaji. Walikuta kwamba mwanamke aliyezoea anaweza kubeba mzigo wenye uzito wa hadi asilimia 20 ya mwili wake bila kuongeza nguvu anayotumia kutembea. Uchunguzi wa baadaye ulieleza siri yake: wanatumia vizuri zaidi mwendo wa mwili unaoinuka na kushuka katika kila hatua, kwa hiyo nguvu kidogo inapotea. Zaidi ya asilimia hiyo, gharama inapanda, na ndoo ya lita 20 inazidi kipimo hicho kwa karibu kila mwanamke. Hilo watu wa mipango ya maji wangelisoma.

Na mkanda wa kipaji? Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya mifupa ya Abu Fatima, Sudan, kutoka enzi za ufalme wa Kerma, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Wanawake waliozikwa pale walikuwa na mabadiliko kwenye fuvu na shingo yanayolingana na kubeba kwa mkanda kichwani, pengine watoto na bidhaa. Wanaume walikuwa na alama zaidi mabegani na mikononi. Hapo ndipo hasa ninapowakumbuka wapagazi wa Mkondoa. Mnyamwezi aliyebeba pembe begani kwa miaka 15 na Mswahili aliyetwika robota la vitambaa kwa muda uleule hawakufanana mifupani. Mmoja angeonekana kwenye mtulinga na bega la upande mmoja, mwingine kwenye pingili za shingo. Kaburi la kando ya njia lingeweza kutuambia nani alipita.

Sasa nirudi kwa wakusanyaji. Wakati wa ukoloni wa Wajerumani, mifupa mingi ya watu wetu ilichukuliwa, tena kwa bidii: makaburini, kwenye viwanja vya vita, kwenye mahali pa kunyongea. Na kilichopelekwa Berlin, kwa mwanaanthropolojia Felix von Luschan na wenzake, kilikuwa hasa mafuvu. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza matokeo ya kuchunguza mafuvu 1,135 yaliyotoka Afrika Mashariki, mengi yakiwa ya iliyokuwa koloni ya Wajerumani: 904 ya Rwanda, 202 ya Tanzania, 22 ya Kenya. Vipimo vya vinasaba viliwapata hata ndugu walio hai huko Uchagani. Novemba mwaka huohuo Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea na kuomba radhi.

Kwa nini mafuvu? Kwa sababu swali la wakusanyaji lilikuwa la rangi na daraja za watu, nao waliamini jibu liko kwenye umbo la kichwa. Wakapima upana na urefu, wakajaza majedwali, na elimu hiyo yote imeoza. Hakuna aliyeuliza mtu huyu alifanya kazi gani. Swali hilo halijibiwi na fuvu peke yake. Linajibiwa na magoti, vifundo, vidole vya miguu, kiuno. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyejiua Julai 1898 ili asikamatwe, alikatwa kichwa, kikapelekwa Ujerumani, kikatajwa hata kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, na fuvu likarudi Kalenga mwaka 1954. Mwili wake ulizikwa Mlambalasi, mkoani Iringa, mbali na kichwa. Binadamu wa kale ambaye Hans Reck alimfukua Olduvai mwaka 1913, akiwa amezikwa amekunjwa, alipelekwa Munich. Kilichobaki kwake leo hasa ni fuvu, sehemu kubwa ya mwili ilipotea. Tukirudishiwa wazee wetu, na ni lazima warudi, watarudi wengi wao wakiwa vichwa vitupu. Nusu ya dhuluma ni kwamba walichukuliwa. Nusu nyingine ni kwamba walikatwa kutoka kwenye sehemu za mwili zilizobeba maisha yao.

Mlambalasi pana habari nyingine pia. Karibu na kaburi la Mkwawa kuna pango ambalo Pamela Willoughby na wenzake walilichimba 2006 na 2010, wakakuta vipande vya mifupa ya watu walioishi mwishoni mwa enzi ya barafu, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Mmoja wao, mtu mzima, alikuwa mwenye umbo dogo sana. Kutoka Mikumi, unateremka Ruaha Mbuyuni na kupanda Kitonga kuelekea huko. Mapango huhifadhi, mashamba yetu ya bondeni hayahifadhi. Udongo wenye mvua nyingi na tindikali hula mfupa, na pengine ndiyo maana Dakawa, kando ya Wami, Randi Haaland na mwenzake Msuya walieleza zaidi habari za vyungu na uhunzi wa chuma, kazi ya mikono bila mikono yenyewe.

Olduvai nako, meno ya mtu mmoja wa kale yamehifadhi tendo la siku moja baada ya nyingine. Taya linaloitwa OH 65, la miaka kama milioni 1.8, lina mikwaruzo midogo kwenye meno ya mbele, mingi ikielekea upande mmoja. David Frayer na wenzake walieleza mwaka 2016 kuwa inalingana na mtu aliyeng'ata kipande cha nyama, akakivuta kwa mkono wa kushoto na kukikata kwa jiwe lililoshikwa kulia, na jiwe likateleza mara kwa mara kwenye meno. Nimeona watoto wakila miwa kwa kisu kwa namna hiyohiyo.

Nitoe tahadhari inayostahili, maana elimu hii ina watu wanaoiongezea chumvi. Vile vijibapa vya kuchuchumaa vimeonekana hata kwa watoto ambao hawajazaliwa, katika jamii za viti, kwa hiyo kijibapa kimoja hakitoshi kumhukumu mtu. Kiungo husagika kwa umri, kwa unene, kwa urithi, si kwa kazi pekee. Mwaka 2019 magazeti ya dunia yalitangaza kuwa simu zinawaoteshea vijana pembe nyuma ya kichwa. Chanzo kilikuwa utafiti mmoja wa Australia ambao haukupima matumizi ya simu hata kidogo, na baadaye waandishi wake walitakiwa kuufanyia masahihisho. Msomaji mzuri wa mifupa hukusanya alama nyingi kwenye mwili mmoja, kisha kwenye miili mingi ya mahali pamoja, ndipo aseme.

Kinachoonekana kwa uhakika zaidi ni kupungua. Mkenya Habiba Chirchir na wenzake, katika makala iliyotoka 2015, walilinganisha mifupa ya sokwe, ya binadamu wa kale na yetu, wakaona kuwa sisi watu wa miaka kama 12,000 iliyopita mpaka leo tuna mfupa wa ndani mwepesi kuliko wote, hasa nyonga na miguu. Sababu wanayoielekea ni kutembea kidogo. Simama Mikumi mjini jioni, maroli yakiegeshwa kando ya barabara kuu ya Zambia, utaona mwisho wa mstari huo. Dereva anashuka kwenye kiti alichokikalia tangu Dar es Salaam, anashika kiuno, anatembea hatua za kwanza kwa shida. Anapita kwa saa chache nchi ambayo mpagazi aliipita kwa wiki. Upande wa pili wa barabara mama ntilie amechuchumaa anapuliza moto. Ndani ya wilaya moja kuna mkata miwa wa Ruembe anayeinama na panga mchana kutwa, mfugaji wa Twatwatwa aliyesimama kwa mguu mmoja akiegemea fimbo, mtumishi wa halmashauri aliyeinamia kompyuta, na mtoto aliye kwenye mbeleko, mapaja yamepanuka kiunoni kwa mama yake. Mbeleko nayo ina mengi: utafiti ulioandikwa kuhusu Malawi mwaka 2015 unaihusisha na kuwa adimu kwa kasoro ya nyonga kwa watoto wachanga. Mifupa ya watu hawa isingefanana, na wote wanahesabiwa Kilosa.

Kilosa inachimbwa sana siku hizi. Reli mpya imetoboa milima yake, barabara zinapanuliwa, Mkondoa unamomonyoa kingo kila masika. Mifupa ya zamani itatokea, na huenda imeshatokea ikazolewa na kijiko. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda masalia ya kale, na kuyachimba kunahitaji kibali. Lakini anayekutana na mfupa kwanza ni mwenye jembe au dereva wa kijiko, si mwenye kibali. Mwaka 2021 ilitangazwa habari ya mtoto wa miaka kama mitatu aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita katika pango la Panga ya Saidi, pwani ya Kenya. Watafiti, akiwemo Emmanuel Ndiema wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, waliweza kusema alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamevutwa kifuani, kichwa kikiwa juu ya kitu kama mto kilichokwisha kuoza. Waliweza kwa sababu hakuna aliyekuwa ameivuruga mifupa hiyo. Waliutoa udongo wote na mifupa ndani yake kwa pamoja, wakaufungua polepole maabarani.

Kwa hiyo jembe likigonga mfupa, lisimamishwe. Mfupa using'olewe, usioshwe, usipelekwe nyumbani. Wazee wa kijiji waitwe kwanza, maana huyo ni mtu wa mtu, na wao ndio wa kusema kama aguswe. Wakikubali achunguzwe, mtendaji apeleke habari wilayani, na wilaya kwa wataalamu wa mambo ya kale. Mahali papigwe picha kutoka pande zote, na paandikwe kichwa kimeelekea wapi, mikono imekaa vipi, miguu imenyooka au imekunjwa, na kulikuwa na nini karibu na magoti. Mifupa midogo ya vidole vya miguu, ile inayotupwa kirahisi pamoja na kifusi, ichekechwe kwa chekecheke na kukusanywa yote.